Nakala kwa Katibu wa Ligi

Small Heath, Birmingham
12 Machi 2006

Kwako Mwanakombo, binti wa shangazi yangu, adhabu niliyopewa bila kosa,

Salamu nakutumia kwa sababu mama yangu alinifunza adabu, si kwa sababu unazistahili. Natumaini u mzima, na kwamba ile sauti yako ya mlango mbovu bado inawatimua wananchi pale masjala kabla hawajaeleza shida zao. Shangazi anaendeleaje na miguu yake? Mwambie zile soksi ndefu nimezipata, namsubiri mtu wa kuja Tanga nimkabidhi.

Huku tu wazima. Naendesha basi lile lile, Coventry Road kwenda na kurudi, na Bi Sadiyo, mama wa Kisomali niliyewahi kukusimulia, bado anapanda kila asubuhi na kuniuliza kama leseni yangu niliiokota. Watoto wanaelewa kila neno la Kiswahili ninalowaambia na kunijibu kwa Kiingereza, mpaka wanapotaka chapati.

Sasa nikupe uchafu, maana tangu Alhamisi nina kichefuchefu na si cha chakula. Unaijua timu yetu ya Mwambao, ya sisi watu wa pwani tuliotapakaa Small Heath, na mwenyekiti wetu Balwinder, yule Singasinga wa Kisumu mwenye duka la mabomba na mbao. Na unawajua watani wetu Nyota ya Kivu, Wakongo wa Ladywood, wanaoingia uwanjani na ngoma mbili na kina mama ishirini waliotoka kanisani moja kwa moja. Miaka saba tunatukanana nao. Katibu wao, Mardochée, ndiye mtu ninayemchukia kwa raha kuliko wote mjini hapa. Mwaka juzi nilipovunjika mguu alikuja hospitali na mkongojo wa bibi mmoja wa kanisani kwao, akaniwekea kitandani, akawatangazia manesi kwamba mshambuliaji bora wa Mwambao sasa amerudi kwenye kasi yake ya kawaida. Halafu akakaa mpaka jioni, akinilisha.

Basi ligi yetu ya Jumapili inapangwa upya. Klabu nane zinachukuliwa, zinaunganishwa na za Sutton Coldfield, kule kwa wenye nafasi. Zinapewa viwanja vya nyasi zilizokatwa, vyumba vya kubadilishia nguo vyenye maji ya moto, na jina la kujivunia: Daraja la Dhahabu. Nyingine zote zinatupwa kwenye ligi ya mashambani huko, ambako Jumapili hata basi halifiki. Msimu uliopita Nyota walimaliza wa pili, sisi wa tano. Orodha iliposomwa kikaoni Alhamisi, sisi tumo. Nyota hawamo kwenye Dhahabu wala mashambani. Wamesimamishwa.

Sababu? Barua ya malalamiko. Eti wachezaji wao si halali, eti watu kumi na mmoja wanatumia pasi moja ya kusafiria, eti wanatishia wapinzani. Sasa wametakiwa walete pasi na karatasi za uhamiaji za kila mchezaji. Mlinda mlango wao, Gédéon, ambaye kesi yake ya ukimbizi haijaisha, hajaonekana mazoezini tangu hapo. Wengine wanne nao wametoweka. Ungekuwa wewe ungekwenda?

Mwenyekiti wa ligi, Bwana Pargeter, aliyasoma yote hayo kama anayesoma bei za viazi. Akafunga faili, akachukua biskuti. Biskuti, Mwanakombo! Akaichovya kwenye chai na kutuuliza kama kuna jambo lingine. Na watu wetu wa Mwambao, niliokula nao pilau Idi iliyopita, walikuwa wanapigana vikumbo vya furaha chini ya meza. Nilitamani kutema mate pale pale kwenye zulia.

Nimeandika mengi. Huku hakuna wa kumweleza.

Mimi ndugu yako, kwa bahati mbaya ya damu,
Mselem


Tanga
2 Aprili 2006

Kwako Mselem, dereva wa kuwafikisha watu wasikotaka,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa vibaya, nikajua ni wewe. Sisi hatujambo. Mvua za masika zimeanza, paa la masjala linavuja juu ya mafaili ya walimu, na bosi ameamua kwamba anayepaswa kulishikia ndoo ni mimi. Watu wa Usagara wanakusalimu, yaani wale wachache ambao huwadai wala hawakudai. Mama yupo. Kuhusu soksi, usihangaike nazo kwanza.

Nimesoma habari zako za mpira mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikamchukia huyo mzee wa biskuti. Mara ya tatu nikasoma kama karani, maana hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka kumi na minane, na kuna kitu kikanikera.

Umeniambia malalamiko yalivyosema. Umeniambia na chai iliyonywewa. Mlalamikaji hukumtaja. Binamu, barua haiingii kwenye faili bila jina la aliyeiandika, hata kwetu huku ambako ndoo ndiyo paa. Nani aliandika?

Halafu lingine. Kila mwaka kabla ya mechi yenu na hao Wakongo huwa unamwandikia Mardochée barua ya matusi kwenye karatasi rasmi ya klabu, kwa Kiingereza cha serikali, na mhuri juu. Kila mwaka unaniletea nakala yake, naisoma masjala, tunacheka mpaka wageni wanadhani ofisi imefungwa. Ile ya mwaka jana, uliyoandika kwamba mshambuliaji wao ana wajukuu saba na wawili kati yao wanachezea timu hiyo hiyo, bado ninayo kwenye droo. Ya mwaka huu mbona sikuipata? Posta imepoteza?

Nijibu upesi, bila kuzungukazunguka kama basi lako.

Mwanakombo, anayekuombea upate akili kabla ya mvi


Small Heath
14 Mei 2006

Mpendwa Mwanakombo,

Tangu ile simu ya tarehe 21 Aprili sijapata nguvu ya kushika kalamu. Pokea tena rambirambi zangu na za familia yangu kwa kuondokewa na mama yako, shangazi yangu mpendwa. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema peponi na awape subira. Nasikitika sikuweza kufika. Likizo kazini ilikataliwa na nauli za siku hizo hazikushikika. Sikujua kwamba alikuwa mgonjwa kiasi hicho. Hukuniambia.

Huku tunaendelea vizuri. Hali ya hewa imekuwa njema.

Mambo ya mpira yanasonga. Balwinder ameagiza jezi mpya, kijani na dhahabu, na kila mchana ananipigia simu kuniuliza kama ukosi uwe wa duara au wa pembe. Kila klabu ya Daraja la Dhahabu ilitakiwa ilete barua ya kuipendekeza kutoka klabu nyingine. Sisi hatukuwa tumemwomba mtu. Wiki iliyopita ikaja moja kwenye bahasha ya Nyota ya Kivu, imesainiwa na Mardochée. Timu yake imefungiwa, wachezaji wake wanajificha, naye ameketi akaandika kwamba katika miaka yote waliyocheza hapa hawajakutana na klabu yenye heshima na ukweli kama Mwambao. Ameandika "ukweli", Mwanakombo. Balwinder ameifurahia, anaionyesha dukani kwa kila anayekuja kununua misumari. Mimi nilipoimaliza nilikwenda kunawa mikono.

Maswali yako nimeyaona. Nitayajibu nikitulia.

Nisalimie wote nyumbani.

Mselem


Tanga
4 Juni 2006

Mselem,

Barua yako nimeipata. Hatujambo. Arobaini ya mama ilisomwa Jumatano, watu walikuwa wengi.

Sikukuambia kwamba mama anaumwa sana kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza. Alisema ukijua utakopa, na ukikopa utakonda, na huko kwenu ukikonda baridi inakumaliza. Hilo nimelijibu. Wewe ya kwangu hujayajibu.

Nikueleze mazishi, kwa kuwa hukuuliza. Watani wetu Wanyamwezi walifika kabla hata sisi wenyewe hatujajua nani anafanya nini. Walichimba kaburi. Maiti ilipotoka ndani, yule mzee mnene wa Chumbageni akalala chali katikati ya njia, akasema jeneza halipiti mpaka mama alipe deni la dhambi zake, maana alimuuzia maandazi yenye mchanga mwaka 1974. Shangazi wa Pongwe alikuwa anazimia kwa kulia. Akacheka. Nami nikacheka, Mselem, na mama yangu yumo ndani ya jeneza, na nilipocheka ndipo pumzi ikarudi kifuani. Kisha wale wale waliomtukana wakashuka kaburini wakampokea kwa mikono yao, taratibu, kama mtoto mchanga. Wakakaa siku tatu, wakapika, wakateka maji.

Mimi na wewe ni binamu. Wewe ndiye mtani wangu wa kwanza duniani. Siku ile ulipopiga simu nilijifungia chumbani niipokee peke yangu, nikingoja unitukane. Ulinipa pole kama meneja wa benki. Ukaniambia "rambirambi za dhati". Nilikata simu nikiwa na msiba wa pili. Na barua yako haina tusi hata moja, ni karatasi ya ofisi. Nikajua kuna kitu kimekuziba koo, na si kifo cha mama.

Mtani anayetukana siku za raha halafu siku ya kaburi haonekani, huyo si mtani. Ni mtu mwenye mdomo mchafu tu, na wa namna hiyo wamejaa kila mtaa.

Ile barua ya malalamiko ni yako. Nataka uniambie wewe mwenyewe.

Mwanakombo


Small Heath
18 Juni 2006

Mwanakombo,

Ni yangu.

Nimeandika neno hilo, basi niendelee kabla sijaichana karatasi. Ni barua ya mechi ya mwezi wa pili. Niliandika, kwa Kiingereza kizito na mhuri, kwamba mlinda mlango wa Nyota alizikwa Bukavu mwaka 1998 na anadaka kwa kutumia cheti chake cha kifo. Kwamba timu nzima inavuka mipaka kwa pasi moja, wanapokezana picha. Kwamba wanatishia wapinzani kwa ngoma na kina mama, basi Jumapili waje na jeneza, vipimo tunavyo. Mardochée alipoipata alinipigia simu akicheka mpaka akapaliwa. Aliibandika ukutani kwenye ukumbi wa kanisa lao.

Chini kabisa, kukamilisha mzaha, niliandika kama zinavyoandikwa barua za serikali: Nakala kwa Katibu wa Ligi. Unajua nakala ile haiendi popote. Lakini mwaka huu tuna mtunza vifaa mpya, Mzee Mkubwa, mtu wa Pemba. Alikuwa tarishi ofisi ya mkoa kwa miaka thelathini. Aliona karatasi mbili mezani kwangu, moja ya Mardochée na moja niliyotaka kukutumia wewe, akasoma "Nakala kwa", na damu ya utarishi ikamwamka. Alipanda basi, akapanda treni mpaka Sutton Coldfield, akamkabidhi katibu wa ligi mkononi. Ameniletea daftari lake la kupokelea barua, limesainiwa, saa na tarehe. "Imefika salama, katibu," aliniambia, na kifua kimemtoka. Nikamshukuru. Ningemwambia nini?

Sikuogopa. Nilidhani wataisoma wacheke. Kumbe Pargeter na wenzake walikuwa wanatafuta sababu ya kuwaondoa Nyota. Ngoma zile, kina mama wale, kelele zile hawakuzitaka kwenye nyasi zao zilizokatwa. Mimi nikawaandalia sababu, nikaipigia na mhuri.

Mardochée alijua tangu siku ile ile, wakati yale maneno yanasomwa. Alikaa kiti cha mbele yangu na hakugeuka. Kikao kilipokwisha alimfuata Pargeter mezani, na tulipotoka nje alinishika bega akasema, "Ndugu, usikuwe na wasiwasi. Nilibaambia ni blague, ni mzaha tu, habataki kusikia. Juu yako sitasema kitu, utapoteza nafasi." Halafu akaenda zake kituo cha basi, mvua inamnyeshea. Na mimi, mtoto wa watu wenye utani wa kuzikana, nikanyamaza. Mwezi wa tatu nikanyamaza, wa nne, wa tano. Ile hasira yote niliyokuandikia mwezi Machi, ya biskuti na zulia, nilikuwa namtafuta mtu wa kumtemea mate asiwe mimi.

Nilimwambia Balwinder nataka kwenda ligi nikaeleze. Aliacha kupima mbao. "Wewe wacha hiyo maneno. Miaka kumi nimejenga hii team. Miaka kumi naosha jezi na machine ya bibi yangu. Ukienda huko watasema sisi ni watu ya kuandika uongo na letterhead, wanatutoa. Nyamaza tu, Mselem. Next year hao Wakongo watarudi." Nikamwambia mwaka kesho hakutakuwa na timu ya kurudi. Akasema, "Basi pole kwao," na akaendelea kupima. Ubao ule ule aliupima mara tatu.

Ligi inakutana tarehe 29 mwezi huu. Ni mkutano wa mwisho kabla ya ratiba. Nikikaa kimya, Nyota wamekwisha, sisi tunaoga maji ya moto. Nikisema, huenda tukaanguka wote.

Najichukia mpaka sabuni hainitoshi. Na kuhusu ile simu: nilikuwa na tusi, Mwanakombo. Nilitaka kusema shangazi amekufa ili asione ndoa yako ya tatu. Lilinifika ulimini nikaliogopa, kwa sababu tusi langu la mwisho lilikuwa limewaficha watu watano. Nisamehe.

Mselem


Tanga
9 Julai 2006

Wewe,

Barua yako imefika baada ya tarehe uliyoitaja, kwa hiyo sijui namwandikia mtu gani. Ikiwa ulinyamaza, ichome hii bila kuendelea kusoma, na huna haja ya kunijibu.

Ikiwa ulisema, endelea.

Ndoa yangu ya tatu inakuhusu nini, dereva mwenye kichwa cha nazi iliyokataa kufuliwa? Mama alikuwa anakuombea kila swala, na kila siku akimaliza anasema, "Huyu naye Mungu amfanyie kazi ya ziada." Nilisoma lile tusi lako pale masjala, miezi miwili na zaidi tangu wakati wake, na nikalia vizuri kwa mara ya kwanza. Bosi akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani, nikamwachia ndoo.

Na huyo Mzee Mkubwa msimseme vibaya. Katika habari yenu nzima ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake.

Nangoja.

Mwanakombo


Small Heath
6 Agosti 2006

Kwako Mwanakombo, mjane wa waume waliokimbia wakiwa hai,

Nilisema. Kwa hiyo soma kwa amani, na salamu zangu zikukute umekaa, si umesimama ukisikiliza mlangoni kwa jirani. Mama watoto anakusalimu. Soksi za shangazi nimempa Bi Sadiyo, amezikagua na kusema rangi ni ya mtu asiyejua rangi, na amezivaa.

Tarehe 29 nilikwenda Sutton na Mzee Mkubwa, naye na daftari lake. Nilisimama nikasema barua ni yangu, hakuna neno la kweli ndani yake ila tarehe, na kwamba kwetu mtu unayemwandikia hivyo ni mtu atakayekuzika. Bwana Pargeter aliniuliza kama ninakiri kwamba niliipelekea ligi taarifa za uongo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna shahidi kwamba ilikuwa mzaha. Mardochée akasimama nyuma, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake barua zangu zote za miaka saba. Akawasomea ile ya wajukuu saba, kwa lafudhi yake ya Kifaransa, na uso mkavu. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao aliinamisha kichwa na mabega yakamtikisika, basi.

Uamuzi ukaja kwa posta. Nyota wamesafishwa, hati hazidaiwi tena, lakini Daraja la Dhahabu limejaa. Nafasi ya Mwambao imefutwa kwa matumizi mabaya ya karatasi rasmi, imepewa klabu nyingine ya huko huko Sutton. Nyota na Mwambao wote mashambani. Na Nyota walete orodha ya wachezaji kumi na wanne, waliosaini kwa mikono yao, kabla ya tarehe 31 Julai saa sita mchana, la sivyo klabu inafutwa kabisa. Biskuti ya Pargeter itakuwa ilikuwa tamu siku hiyo.

Balwinder alinifukuza klabuni mbele ya wateja. Hakupiga kelele. Aliniomba funguo za kabati la vifaa, akazihesabu, akageuka. Jezi za kijani na dhahabu zilikuwa zimefika asubuhi hiyo hiyo, ziko kwenye maboksi nyuma yake. Nilikwenda zangu kituoni nikivuja jasho.

Nyota walikuwa kumi na mmoja. Gédéon amehamia Leeds kwa dada yake na hapokei simu. Wale wanne wamesikia kwamba wamesafishwa, wakasema asante, na hawajarudi. Karatasi ya kusafishwa haimwondolei mtu woga aliokwisha kuulalia miezi minne. Hilo ni langu, nitazeeka nalo.

Jumapili tarehe 30 nilikwenda ukumbini kwao Ladywood baada ya ibada, nikasaini wa kumi na mbili. Ndiyo, mimi, miaka arobaini na minne na goti la chuma. Wakanijaribisha jezi yao ya bluu. Inanuka mafuta ya mawese, ubani na mtu mwingine. Nikaivaa na chuki yangu ya miaka saba, na kina mama wakaimba wimbo wa kumpokea aliyepotea. Mzee Mkubwa akasaini wa kumi na tatu. Ana miaka sitini na sita, aliuliza tu kama kuna daftari.

Kumi na tatu. Tukakaa. Mardochée alipiga simu kwa kila Mkongo mwenye miguu kutoka Ladywood mpaka Coventry. Huyu yuko kazini, yule mkewe amekataa, mwingine akisikia neno "orodha" anakata. Saa kumi, saa kumi na moja. Kina mama wakaanza kukunja viti. Mardochée akaifunika kalamu na kusema, "Ndugu, tumejaribu. Kesho asubuhi batu bote bako ku kazi."

Mlango ukafunguliwa akaingia Balwinder, kilemba cha Jumapili na koti la dukani. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja mezani. "Andika left back," akasema. Mardochée akamwambia kwamba yeye ni mwenyekiti wa Mwambao. "Nimesoma rules usiku mzima. Hakuna mahali imesema chairman hawezi chezea team ingine. Hawakufikiria kutakuwa na mtu mjinga hivyo." Akasaini, akiigandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Ndipo akanigeukia, macho mekundu.

"Wewe usinisemeshe. Bado nina hasira na wewe. Lakini wiki tatu hawa watu ya Sutton wamekuwa wakinipigia simu juu ya ile place, pole sana sir, tumesikitika sir. Sir, sir, sir. Hakuna hata mmoja ameuliza kama hii tumbo ni yangu ama nimekodisha." Akagonga meza kwa kalamu. "Mnataka nife nikiitwa sir?"

Mardochée alimtazama polepole, kutoka kilemba mpaka viatu, akamzunguka mara moja kama mtu aliyeletewa mbuzi mgonjwa sokoni.

"Hii ndiyo Mwambao banatupatia?" akasema. "Hata ya kuchinja haina nyama."

Balwinder akavuta kiti, akakaa katikati ya maadui zake, akafunika uso kwa mikono miwili na kucheka mpaka machozi yakamlowesha ndevu.

Mimi, kwa kichefuchefu chote,
Mselem, Nyota ya Kivu